Ukurasa Alioung'oa Kivuti

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1996, Kivuti alisimama mbele ya baraza la Kamurugu akasoma kutoka kwenye karatasi maneno ambayo hayakuwa yangu, akasema ni yangu. Kwa maneno hayo kisima kilichimbwa juu, hatua ishirini kutoka mlango wa nyumba yake, na sisi wa chini tukabaki na mchanga. Wanawake wa chini walinitoa katika kikundi chao. Wengine hawajanisalimia hadi leo. Nimelitaja kosa mwanzoni ili hata asiye na nafasi ya kusoma yote awe amelijua.

Mimi ni Ciakuthii. Niliolewa Kamurugu mwaka wa 1977 na Mbogo, ambaye alifariki miaka kumi na minne baadaye akaniachia binti mmoja, Mukami, na nyumba mbili, moja ya udongo na moja ya mabati. Kamurugu iko Mbeere, upande mkavu wa Embu. Mteremko umeikata sehemu mbili. Walio juu tunawaita wa juu, na sisi tulio karibu na mto tunaitwa wa chini. Nyumba za juu hazifiki kumi na tano, za chini zinapita arobaini.

Huo mto ni wa jina tu. Hauna maji ila siku chache za mvua. Tulikuwa tunafukua: unaingia katikati ya mchanga, unachimba hadi ufike magotini, kisha kiunoni, kisha unachuchumaa humo ndani na kungoja. Maji yanakuja kidogo kidogo kama jasho. Unayateka kwa kata na kuyamimina kwenye mtungi, na mwenye zamu inayofuata ameketi ukingoni anatazama kisogo chako. Mwaka mzuri unangoja kidogo. Mwaka mbaya unamaliza asubuhi nzima kwa mtungi mmoja.

Kivuti ni mtoto wa baba mdogo wa mume wangu, kwa hivyo ni shemeji yangu. Alisoma hadi kidato cha nne. Alikuwa karani wa kamati ya maji na hakuna aliyeshindana naye, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuandika barua ya Kiingereza. Ni mtu wa maneno mazuri. Mume wangu alipokufa alisema maneno mazuri kaburini, na mimi nililia kwa sababu yake. Nalisema hili ili nisionekane kama mtu aliyemchukia tangu zamani. Sikumchukia.

Mwaka wa 1995 Wajapani walikuja kutafuta maji chini ya ardhi. Wanaume wawili walilala mjini Embu na kuja kwa gari. Mmoja wao alikuwa mzee mwenye mvi, ndiye mkubwa wa vipimo. Wa tatu alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, jina lake Mitsue, na yeye alitaka kuishi hapa hapa. Nikampa nyumba ya mabati. Nilimpikia, nikamtekea maji, na yeye akanisaidia kupepeta na kuchagua pojo, jambo alilolifanya polepole sana, punje moja moja, kama mtu anayetafuta shanga.

Kazi yake ilikuwa kuuliza wanawake. Mradi ulitaka kujua wenye kuteka maji wanataka nini. Lakini aliuliza kwa namna ambayo hatukuizoea. Siku ya kwanza tulikwenda kwa Teresia, mwenyekiti wa kikundi chetu na rafiki yangu wa miaka mingi.

"Mama, kuhusu maji, unafikiri nini?" Mitsue akamwuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu.

"Naibu chifu alisema tutaletewa."

"Hapana. Si chifu. Wewe unafikiri nini?"

Teresia akanigeukia, akaniambia kwa Kimbeere, "Huyu mtoto anatafuta nini ndani ya kichwa changu? Amepoteza kitu humo?"

Tukacheka, na Mitsue naye akacheka bila kujua kwa nini. Lakini hakuacha. Kila nyumba ilikuwa hivyo. Wanawake walimwambia alichosema chifu, alichosema mume, alichosema padri. Yeye alitaka kile ambacho hakijasemwa. Kwetu kile unachofikiri hakiandaliwi mgeni kama chai.

Ni mimi niliyemzoea, na yeye akanizoea. Alikuwa akijifunza Kimbeere kutoka kwangu, na kwa kuwa sikutaka kutoa tu bila kupokea, nikamwambia anifundishe kwao. Tulisoma alasiri, mbele ya nyumba ya mabati, sinia la pojo katikati yetu. Sikujua kusoma wala kuandika, kwa hivyo kila kitu kiliingia kwa masikio, na kilichoingia hakikutoka. Hadi leo kipo.

Nilichokipenda zaidi ni namna wanavyobeba maneno ya mtu. Sisi humtanguliza mwenyewe: fulani amesema ati hivi na hivi. Mitsue alinionyesha kwamba kwao maneno yanaweza kutangulia. Unayasema yote, kisha unaweka neno moja dogo, *to*, kisha ndipo unasema kama yalisemwa au yalifikiriwa tu. *Mizu ga nai to iimashita*: maji hakuna, ndivyo alivyosema. *Mizu ga nai to omoimashita*: maji hakuna, ndivyo alivyofikiri. Mwenye maneno unaweza kumtaja mwanzo au mwisho. Mimi nilipenda kumweka mwisho. Nilimwambia Mitsue kwamba ni kama mzigo wa kuni. Unapanga kuni kwanza, unafunga kamba, kisha ndipo tunaona ni mgongo wa nani utakaoubeba. Ile *to* ndiyo kamba. Akaiandika hiyo pia katika daftari lake.

Basi somo likawa hivyo. Mitsue alinitaka nimpe maneno ya watu wa Kamurugu, yaliyosemwa na yaliyofikiriwa, tuyafunge kwa kamba ile. Nilimpa mengi. Nilimpa ya Teresia kuhusu kichwa chake. Nilimpa ya padri kuhusu pombe, na yale niliyofikiri padri alipoyasema. Kivuti alikuwa akipita karibu kila alasiri, kwani Mitsue alimwomba asahihishe upande wa Kiswahili. Daftari lilikuwa na pande mbili: kushoto maandishi yao ya vijiti, kulia Kiswahili. Alikaa kwenye benchi na kalamu nyekundu kama mwalimu.

Siku moja nikasema, "'Mbuzi huyu hana mimba' *to*, Kivuti alisema." Mbuzi mwenyewe alikuwa amezaa mapacha juzi yake, kwa jirani ambaye Kivuti alikuwa amemwuzia.

"Shemeji, hata mimi umenitia daftarini?"

"Umejitia mwenyewe. Mimi nimefunga kamba tu."

Akacheka hadi kalamu ikamponyoka. Alilijua somo. Alijua kila sentensi katika daftari lile ni ya nani na kwa nini ipo. Nataka hilo likumbukwe.

Mwezi wa Juni mwaka uliofuata nilimpa Mitsue habari ya mama mkwe wangu, mama yake Mbogo. Mwaka nilioolewa mvua ilikuwa kubwa, mto ulijaa, mchanga ukabaki na maji miezi mingi. Akaja mtu wa serikali kuuliza bwawa lichimbwe wapi, juu au chini. Mama mkwe wangu ndiye aliyesemea wanawake wa chini. Alikuwa mtu wa majivuno na alikuwa ameshiba maji. Akasema, "Maji ya mchangani yanatutosha sisi wa chini. Wa juu wapewe yao." Bwawa likaenda juu, na baada ya miaka miwili likajaa matope. Lakini sisi hata hilo tope hatukulipata. Mimi nilikuwa bibi arusi wa miezi minne. Nilisimama nyuma yake nikifikiri kwamba amekosea, na sikufungua mdomo, kwani bibi arusi wa miezi minne hana mdomo.

Mitsue aliyapenda maneno hayo kwa sababu yalikuwa na mambo yote mawili, lililosemwa na lililofikiriwa. Aliyaandika kwenye ukurasa wa peke yake. Upande wa Kiswahili ulisomeka hivi, na sasa naweza kuunakili kwa mkono wangu:

"Maji ya mchangani yanatutosha sisi wa chini. Wa juu wapewe yao." Ndivyo alivyosema mama mkwe wangu, mwaka wa mvua kubwa.
"Mama amekosea." Ndivyo nilivyofikiri mimi, na sikusema.

Siku hiyo hiyo Mitsue aliniambia, "Mama Mukami, haya ni mazuri sana. Uandike jina lako hapa juu."

"Mimi siandiki."

"Tutaandika pamoja. Mara ya kwanza nitashika mkono. Mara ya pili, wewe."

Tuliandika kwanza kwenye kipande cha gazeti. Halafu nikaandika peke yangu juu ya ukurasa ule, CIAKUTHII, herufi ya kwanza kubwa kuliko zote na ya mwisho imeanguka pembeni. Ndilo jambo la kwanza nililoandika duniani. Nilikuwa na miaka thelathini na saba. Kivuti alikuwepo. Alilitazama jina akasema, "Sasa shemeji ni mtu wa ofisi."

Wakati huo mashine za kupima zilikuwa zimemaliza kazi. Mzee mwenye mvi alisema maji yapo pande zote mbili, juu na chini, na kina ni karibu sawa. Kisima ni kimoja. Watu wenyewe waamue, kila upande uandikishe maoni yake, na karani wa kamati ayasome katika baraza. Wanawake wa chini walikutana kwa Teresia. Hatukubishana hata kidogo. Tulitaka kisima kando ya njia ya punda, pale ambapo nyumba zote za chini hufika bila kupanda mteremko. Wakaniambia nikaseme kwa Mitsue, kwa kuwa mimi ndimi ninayesikilizana naye. Teresia akaniambia, "Wewe ndiwe mdomo wetu. Usimpe yale ya kichwani mwako, mpe haya yetu." Nikampa kama yalivyo. Mitsue akayaandika kwenye karatasi safi na kumkabidhi Kivuti.

Mwezi wa Julai Mitsue alikwenda mjini kwa siku nne, kwa mkutano wa wenzake. Siku ya pili Kivuti akaja.

"Shemeji, nifungulie kwa mgeni. Kuna kurasa sijasahihisha, na akirudi atanidai."

Nikamfungulia. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwangu na nikautoa mwenyewe, na hata nikamletea uji akiwa ndani. Mitsue aliporudi aliona kuna ukurasa uliong'olewa. Nikamwambia Kivuti aliuchukua ausahihishe. Akasema sawa, na tukaanza somo lingine.

Baraza lilifanyika uwanjani mbele ya zahanati, saa nne asubuhi. Wa juu walisomewa maoni yao kwanza: wanataka kisima kwao. Hakuna aliyeshangaa. Halafu Kivuti akafungua faili, akatoa karatasi, na nikaijua hata kabla hajaifungua, kwa sababu ukingo wake ulikuwa na meno ya kung'olewa, haikuwa ile safi aliyoiandika Mitsue.

"Maoni ya wanawake wa chini," akasema, "kama yalivyotolewa na msemaji wao, Ciakuthii, kwa mkono wake." Akasoma. "'Maji ya mchangani yanatutosha sisi wa chini. Wa juu wapewe yao.'" Kisha akayarudia kwa Kimbeere, polepole, ili wazee wasikie vizuri. Akaikunja karatasi.

Nilisimama. Nikasema, "Hayo ni maneno ya mama mkwe wangu. Ni ya mwaka wa sabini na saba."

Watu wengine wakacheka. Mama mkwe wangu alikuwa amekufa zamani. Nilionekana kama mtu anayemtupia marehemu mzigo.

Naibu chifu akauliza, "Karatasi ina jina?"

Kivuti akaikunjua tena, lakini sehemu ya juu tu, akashika kwa vidole pale chini. Akaipeleka kwa Teresia, aliyekaa mbele pamoja na wanawake wa chini. Teresia anasoma kidogo, alifika darasa la nne.

"Mama Mukami, hebu tazama. Hili jina limeandikwa na nani?" Teresia akaniuliza.

"Na mimi."

"Na wewe hujui kuandika."

"Ninajua hilo moja."

Akasema, "Basi ulichagua siku nzuri ya kujifunza."

"Teresia, mwambie aondoe vidole. Kuna maneno chini."

Lakini Kivuti alikuwa amekwisha kurudi mezani, na naibu chifu alikuwa akisema kwamba karani amesoma na mwenye jina amelikubali jina lake, na kama wanawake wa chini wana ugomvi wao wakaumalizie jikoni. Hata karatasi ningepewa, nisingeweza kuisoma mbele yao. Nilikuwa na jina langu tu.

Nikamtafuta Mitsue kwa macho. Alikuwa ameketi kando ya mzee mwenye mvi. Alikuwa ameelewa, nilimwona ameelewa, uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alimtazama mzee. Mzee alikuwa akiandika. Mitsue akaweka mkono juu ya mdomo wake na kubaki hivyo.

Alasiri alikuja nilipokuwa nikikata kuni. Alisimama pale bila kuketi.

"Mama Mukami, nilifikiri si kweli. Nilifikiri nisimame."

"Ulifikiri."

"Ndiyo. Mkubwa wangu alituambia baraza ni la wenyeji, sisi tusiseme. Usiku uliopita alituambia."

"Kwenu lililofikiriwa na lililosemwa mnayafunga kwa kamba moja," nikamwambia. "Umenifundisha wewe. Lakini leo asubuhi, Mitsue, lililohesabiwa ni moja tu."

Alimwambia mkubwa wake baadaye, najua, kwa sababu mzee huyo alikuja na kumwuliza Kivuti, na Kivuti akamjibu kwa Kiingereza kizuri, na mzee akaondoka. Mwezi wa Oktoba lori la mashine lilipanda mteremko. Mitsue alimaliza muda wake Desemba akarudi kwao. Aliniachia sufuria mbili na koti la mvua. Sikumsindikiza hadi barabarani.

Katika kikundi chetu tulikuwa tukilimiana kwa zamu. Leo wote wako shambani kwa Teresia, kesho kwa mwingine. Mvua za mwisho wa mwaka ule zilipokuja, nilipalilia kwa wote, kila siku, na hakuna aliyenifukuza wala kuniongelesha. Ilipofika zamu yangu nilipika githeri, mahindi na maharagwe, ya watu kumi na wanane. Nilitandika majani ya migomba chini ya kivuli. Hakuja mtu. Nilipalilia na Mukami, wawili, hadi magugu yakatushinda. Githeri tuliila siku tatu, ikachacha, ya mwisho tukawapa mbuzi. Baadaye mwanamke mmoja alileta ujumbe, akauleta akiwa amesimama nje ya ua: "Teresia amesema ati mdomo wetu tumeutoa kwako."

Halafu mwisho wa mwaka wa 1997 ikaja ile mvua ya El Nino. Wale wasioijua Mbeere watadhani mvua ni baraka. Mto ulikuja ukiwa mwekundu, ukakaa wiki baada ya wiki, na ulipoondoka uliondoka na mchanga wetu. Palibaki mwamba. Hakuna tena mahali pa kufukua. Tangu hapo wanawake wote wa chini, nyumba arobaini na zaidi, hupanda mteremko na mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, hadi pampu ya mlangoni kwa Kivuti. Wakipumzika katikati ya mteremko, jiwe wanalokalia limepewa jina langu. Nimelisikia kwa masikio yangu. "Tukutane kwa Ciakuthii," wanasema.

Mimi nilikwenda kujiandikisha ngumbaru, darasa la watu wazima, katika jengo la kanisa. Sikwenda kwa kupenda elimu. Nilikwenda kwa sababu ya vidole vya Kivuti pale chini ya karatasi. Mwalimu alituuliza kila mmoja anataka kusoma nini. Wengine wakasema Biblia. Mimi nikasema, "Ukurasa mmoja."

Mwaka jana, mwezi wa Machi, barua ilifika kutoka Japani. Kumbe alipokuwa kwetu, kila Jumapili Mitsue alikuwa akinakili masomo yetu kwenye daftari safi. Aliniandikia kwa Kiswahili, herufi kubwa, kwa kuwa hakujua kama kuna mtu atanisomea. Ukurasa wangu ulikuwa ndani, wote. Chini yake alikuwa ameongeza mstari wake mwenyewe: "'Hii si haki.' Ndivyo alivyofikiri Mitsue, na hakusema. Sasa anasema." Ilinichukua siku tatu kumaliza barua hiyo. Sikumwita Mukami anisaidie.

Kwanza niliipeleka kwa Teresia. Nilimkuta akipukuchua mtama. Hakunikaribisha kiti lakini hakuniambia niondoke. Nikamsomea, kidole changu chini ya kila neno, hadi mwisho.

"Zamani ulikuwa hujui kusoma," akasema. "Na tulikuamini. Sasa unasoma mwenyewe barua yako mwenyewe kutoka kwa rafiki yako mwenyewe. Mimi nitajuaje?"

"Soma wewe. Ulifika darasa la nne."

"Hata nikisoma. Mgeni anaweza kuandika lolote, yuko mbali, hatakutana nasi kisimani." Akarudi kwenye mtama wake. Halafu akasema, bila kuinua macho, "Aliyesoma ni Kivuti. Kivuti akisema alisoma vibaya, mimi nitakuwa wa kwanza kuja shambani kwako na jembe."

Nikaenda kwa naibu chifu. Akaniambia kisima kimeshachimbwa na hakuna kesi ya kisima kilichochimbwa, na kama ni jambo la jina nilipeleke kwa wazee wa ukoo. Mkubwa wa wazee wa ukoo ni baba yake Kivuti.

Basi nikapanda kwa Kivuti mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, foleni imefika kwenye ua wake. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na pampu.

"Shemeji, karibu. Pita mbele uteke. Wewe ni mtu wa nyumbani, usipange foleni."

"Sikuja na mtungi."

Akaniona na barua. Akanivuta kando, nyuma ya banda la mbuzi.

"Nimesikia," akasema. "Teresia amesema. Shemeji, sikiliza. Kisima hakiwezi kutembea."

"Sijakuomba kisima."

"Unataka nini basi?"

"Usome."

"Nisome nini?"

"Ulichokificha kwa vidole."

Akatabasamu, lakini si kwangu, alitabasamu kwa mbuzi. "Mimi nilisoma kilichoandikwa. Sikuongeza hata neno moja. Mungu anajua."

"Hukuongeza. Ulipunguza."

"Watu wamesahau, Mama Mukami."

"Kuna jiwe lenye jina langu pale mteremkoni. Mkeo hulikalia akitoka sokoni. Muulize kama wamesahau."

Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani hakukusudia kulisema. "Ningesoma yote, wangechimba kwenu. Mama yangu ana miaka themanini. Ulitaka ateremke hadi kwenye njia ya punda?"

"Ungesema hivyo," nikamwambia. "Ungesimama katika baraza useme mama yangu ana miaka themanini. Labda sisi wenyewe tungekupa kisima. Hukusema. Ulitumia mdomo wangu."

Aliitazama barua mkononi mwangu. Sikumpa. Nimejifunza kutompa karatasi. Aliniambia atafikiri. Nikamwambia kufikiri kumetosha hapa Kamurugu.

Huu ni mwaka wa 1999, na mwezi wa Agosti umepita tena. Mabaraza yamefanyika matano tangu siku ile nyuma ya banda la mbuzi. Nimehudhuria yote. Nimekaa mbele na barua ndani ya koti la mvua, mahali ambapo Kivuti ananiona. Anasoma mambo ya chanjo, mambo ya mpaka wa shule, na sauti yake ni nzuri kama zamani. Akimaliza anakunja karatasi na kuketi.

Mitsue alilipa alichoweza, amechelewa, lakini alilipa, na jina lake nimelifuta kati ya wadaiwa wangu. Teresia ninamdai salamu, na amekwisha kuniambia atailipa lini. Aliyebaki ni Kivuti. Sidai maji, na ningekuwa nakufa kwa kiu nisingedai. Ninamdai sentensi moja, asimame mahali pale pale mbele ya zahanati, mbele ya watu wale wale, aiseme kwa Kiswahili na airudie kwa Kimbeere polepole kama alivyofanya siku ile. Nusu yake ameshaisoma. Iliyobaki ni hii: ndivyo alivyosema mama mkwe wa Ciakuthii, mwaka wa mvua kubwa, na Ciakuthii alifikiri amekosea.